Pete za miti ya miombo zisipokubaliana na mvua: utatuzi wa matatizo kwa wapimaji wa Lubumbashi na Haut-Katanga

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya wanafunzi, maofisa wa misitu na wengine wa Lubumbashi na vijiji vya jirani ambao tayari wamekata visahani vya magogo, yaani vipande vya duara vilivyokatwa kukingama gogo, wamehesabu pete za ukuaji ili wajue mvua za miaka iliyopita, kisha wakakwama. Hauelezi kazi yote tangu mwanzo. Unaanza pale penye dalili: pete hazionekani, hesabu za pande mbili za kisahani kimoja hazilingani, mti unakataa kufanana na jirani yake, au michoro ya upana wa pete za miti imefanana vizuri lakini haifuati mvua. Kila dalili ina sababu kadhaa, na ile inayotajwa upesi kuliko zote, kwamba miti ya nchi za joto haina pete za mwaka, ndiyo inayopaswa kufikiriwa mwisho.

Utaratibu ninaoupendekeza ni huu: kwanza malizana na mbao yenyewe, halafu miaka, halafu jedwali la mvua, na hesabu za kompyuta zije baada ya hayo yote. Makosa mengi ambayo huonekana kama kushindwa kwa hesabu yalizaliwa mapema zaidi, kwenye kisahani ambacho hakikusuguliwa vya kutosha au kwenye jedwali lililopangwa kuanzia Januari.

Lubumbashi ina bahati katika jambo hili la pete za mwaka. Iko karibu na latitudo ya 11°40′ kusini, juu ya uwanda unaozidi mita 1,200 kutoka usawa wa bahari, na milimita takriban 1,200 za mvua ya mwaka hunyesha karibu zote kati ya Novemba na Aprili. Kuanzia Mei hadi Septemba ardhi hukauka, miti mingi ya miombo hupukutisha majani, na kambiamu, yaani ule utando mwembamba chini ya gome unaozalisha mbao mpya, hupumzika. Mapumziko hayo ndiyo yanayoweka mpaka wa pete. Anayefanya kazi Bukavu au Goma asiuchukue mwongozo huu kama ulivyo, kwa sababu kiangazi cha huko ni kifupi, kati ya Juni na Agosti hivi, na mti unaweza kupumzika zaidi ya mara moja kwa mwaka au usipumzike kabisa.

Dalili: kisahani hakionyeshi pete, au kinaonyesha mistari mingi mno

Sababu ya kawaida ni msasa. Mbao za miombo ni ngumu, na uso uliokatwa kwa msumeno wa mota huwa umejaa michirizi inayofunika kila kitu. Anza na msasa namba 80, endelea na 120, 180, 240, 320 na 400, kisha fika 600 au zaidi, na usiruke namba hata moja kwa kuokoa muda, kwani mikwaruzo ya namba 80 haiondolewi na namba 320. Kausha kisahani kivulini polepole kabla ya kuanza, la sivyo kitapasuka kutoka kiini hadi gome, tena mara nyingi katika ule mstari uliotaka kuupima. Ukimaliza, pitisha kitambaa chenye maji kidogo juu ya uso huo, au pakaa chaki ya unga na kuifuta ili ibaki ndani ya mirija, yaani vijitundu vinavyopitisha maji. Mara nyingi kilichokuwa hakionekani hujitokeza hapo hapo.

Kama uso ni laini na bado unachanganyikiwa, tatizo liko katika kuujua mpaka wenyewe. Watu waliosoma vitabu vya Ulaya hutafuta mstari mweusi wa mbao nzito kama ule wa msonobari, na katika miombo hawauoni. Kwenye muputu, yaani Brachystegia spiciformis, na kwenye mutondo, yaani Julbernardia paniculata, mpaka wa pete ni uzi mwembamba wa rangi hafifu, wa seli za parenkima, yaani seli laini zinazohifadhi chakula cha mti, unaofuata baada ya eneo ambalo mirija imepungua na nyuzi za mbao zimekaza. Shida ni kwamba miti hiyo hiyo ina parenkima nyingine inayozunguka mirija na kutanuka pembeni kama mabawa, na mabawa ya mirija jirani yakigusana hufanya mkanda unaofanana sana na mpaka.

Namna ya kutofautisha ni kuufuata mstari kwa ncha ya sindano chini ya lenzi, kulizunguka duara lote. Mpaka wa kweli hurudi ulikoanzia. Mkanda wa mabawa hukatika njiani, huruka kwenda mkanda mwingine, au hufifia na kupotea baada ya sentimita chache. Kazi hii inachosha macho na haina njia ya mkato. Skana nzuri itakusaidia kutunza picha, lakini uamuzi kuhusu mstari wenye mashaka ufanywe mbele ya mbao.

Mninga, Pterocarpus angolensis, ambao wengi hapa huuita mulombwa, ni mwepesi zaidi kusomeka, kwa kuwa mirija yake ya mwanzo wa msimu ni mikubwa na hupungua ukubwa kuelekea mwisho. Anayeanza ningemshauri aanze na mti huo, ajizoeze, ndipo aende kwenye Brachystegia.

Ikiwa ulitumia keekee yenye tundu, ile inayotoa kijiti cha sampuli chenye upana wa milimita 5 hivi, huenda kosa si lako. Katika mbao ngumu kijiti huvunjika, keekee hukwama, na hata kikitoka kizima hukuonyesha njia moja tu nyembamba ya mti ambao pete zake hazina upana sawa pande zote. Nta ya nyuki kwenye uzi wa keekee hupunguza kukwama. Hata hivyo, pale penye miti iliyokwisha kuangushwa, kisahani kizima kinashinda vijiti vingi.

Dalili: pande mbili za kisahani kimoja zina hesabu tofauti

Hapa sababu kuu ni pete zinazokutana. Katika mwaka mgumu, upande mmoja wa shina hauongezi mbao kabisa, kwa hiyo mpaka wa mwaka huo huungana na wa mwaka uliotangulia, na ukipima upande huo utakosa mwaka mzima. Pima njia zisizopungua tatu kutoka gome hadi kiini, zilizo mbali mbali. Baada ya hapo, chagua pete nene inayotambulika kirahisi, ifuate kuzunguka kisahani, iwekee alama ya penseli kwenye kila njia, na hesabu pete kati ya alama na alama. Tofauti itabanwa ndani ya kipande kidogo, na hapo utaona kwa macho yako mahali mistari miwili inapoungana.

Mti ulioinama mteremkoni, au uliosimama ukingoni mwa barabara na matawi yakakatwa upande mmoja, huwa na kiini kilichoenda pembeni. Upande mwembamba wa mti wa namna hiyo usipimwe kabisa.

Sababu ya pili ni pete za uongo. Mvua zikianza mwishoni mwa Oktoba, kisha zikakatika kwa wiki kadhaa, mti unaweza kupunguza kasi na kuweka mstari unaofanana na mpaka, halafu ukaendelea kukua mvua zikirejea. Mpaka wa kweli una ukingo mkali: mbao iliyokaza, uzi wa parenkima, kisha mara moja mirija ya msimu mpya. Pete ya uongo hukolea polepole na kufifia polepole pande zote mbili.

Dalili: miti ya eneo moja haifanani

Hapa ndipo kazi nyingi hufa, kwa hiyo nitakaa zaidi. Kanuni ya kupatanisha miaka, ambayo mwanafalaki A. E. Douglass aliijengea msingi huko Arizona mwanzoni mwa karne ya 20, ni kwamba miti inayokumbwa na mvua na ukame ule ule itakuwa na mfuatano ule ule wa pete nyembamba na nene. Kuhesabu pete peke yake hakutoi tarehe. Tarehe hutoka kwenye kupatana kwa miti mingi.

Jiulize kwanza kama unaijua tarehe ya pete ya mwisho. Sampuli nyingi za kuzunguka Lubumbashi hutoka kwa wachoma makala, yaani makaa ya kuni, na hilo ni jema, kwa kuwa hakuna mti unaoangushwa kwa ajili ya utafiti peke yake. Lakini gogo linaweza kuwa limelala msituni misimu miwili kabla hujafika, na mchoma makala akikuambia "mwaka jana" huenda anamaanisha msimu wa mvua uliopita au ule wa kabla yake. Kama hukuona mti ukianguka, au kama gome limetoka na wadudu wamekula mbao ya nje, huna mwaka wa kuanzia. Mti huo uweke kando mpaka miti yenye tarehe ya uhakika ijenge mfuatano, ndipo uulinganishe nao.

Ikiwa tarehe ya mwisho ni ya uhakika na bado miti haipatani, angalia kama kutopatana kunaanza mahali maalumu. Programu ya COFECHA, iliyoandikwa na Richard Holmes mwanzoni mwa miaka ya 1980 na inayopatikana bure, au kifurushi cha dplR katika R, lugha ya kompyuta ya takwimu, hukata kila mfululizo katika vipande na kuonyesha kama kipande kingefaa zaidi kikisogezwa mwaka mmoja mbele au nyuma. Tuseme mti wako unapatana na wenzake kuanzia gome hadi 1994, lakini miaka yote ya kabla ya hapo ingefaa ikirudishwa nyuma mwaka mmoja. Maana yake ni kwamba karibu na 1994 mti huo umekosa pete, kwa hiyo pete zake za zamani zimepewa miaka iliyochelewa kwa mmoja. Ingekuwa zinataka kusogezwa mbele, basi umehesabu pete ya uongo. Katika hali zote mbili rudi kwenye kisahani, tafuta mahali penyewe chini ya lenzi, ndipo usahihishe. Kuongeza pete kwa kubonyeza kitufe, bila kuiona kwenye mbao ya mti huo au ya jirani zake, ni kuulazimisha mti useme unachotaka kusikia, na uwiano mzuri utakaoupata baadaye, yaani kipimo cha mifululizo miwili kupanda na kushuka pamoja, hautakuwa na thamani yoyote.

Mara nyingine kutopatana hakuna mahali maalumu. Mti mzima unakwenda njia yake. Hapo sababu iko shambani, na kwetu Katanga ziko nne au tano za kuchunguza.

Vichuguu ni ya kwanza. Misitu yetu imejaa vichuguu vikubwa vya mchwa, vingine virefu kuliko nyumba, na udongo wake una mfinyanzi na chokaa tofauti na ardhi inayovizunguka. Hata aina za miti zinazoota juu yake ni tofauti. Mti ulioota juu ya kichuguu au miguuni pake usichanganywe na miti ya uwanda. Vivyo hivyo mti wa ukingoni mwa dambo, yaani bonde bapa la nyasi linalojaa maji wakati wa mvua, ambao mizizi yake hugusa maji ya ardhini wakati wenzake wana kiu, hautakumbuka ukame, na katika mwaka wa mvua nyingi unaweza hata kudhoofika kwa mizizi kujaa maji. Tafuta miti ya sehemu iliyoinuka kidogo, yenye udongo mwembamba, isiyo na chanzo kingine cha maji.

Moto ni wa pili. Moto wa mwisho wa kiangazi, Septemba na Oktoba, nyasi zikiwa zimekauka kabisa, huunguza gome na kuua kambiamu upande mmoja. Ukiona kovu lililofunikwa na mbao ya baadaye, ondoa kwenye wastani pete za miaka michache zinazolifuata.

Halafu viwavi. Watu wa Lubumbashi tunawajua sokoni na mezani, lakini mpimaji wa pete huwasahau. Kiwavi wa Elaphrodes lactea, kwa mfano, katika miaka ya mlipuko anaweza kula majani ya Brachystegia na Julbernardia katika eneo pana, na mti uliopoteza majani katikati au mwishoni mwa msimu huweka pete nyembamba hata kama mvua ilikuwa ya kutosha. Tena itakuwa nyembamba katika miti yote ya aina hiyo kwa pamoja, kwa hiyo COFECHA itakupongeza. Kinga ni kupima aina mbili za miti katika eneo lile lile, mmoja anayeliwa na kiwavi huyo na mwingine asiyemtaka. Pete ikiwa nyembamba kwenye muputu na ya kawaida kwenye mninga, usikimbilie kuandika ukame.

Karibu na mji kuna moshi pia. Kiyeyushi cha shaba cha Lubumbashi kilianza kazi mwaka 1911, na kwa miongo mingi gesi ya salfa na vumbi la metali vilipelekwa na upepo wa kusini-mashariki, vikaharibu uoto wa upande wa kaskazini-magharibi. Mti wa upande huo unaweza kuonyesha miongo mizima ya pete nyembamba na kisha kunenepa tanuru lilipopunguza kazi, na mtu asiyejua historia ya mji akaisoma hadithi hiyo kama ukame mrefu uliofuatwa na mvua. Sampuli za mvua zitafutwe mbali na ukanda huo.

Jambo la mwisho ni machipukizi. Miti ya miombo huchipua upya kutoka kwenye kisiki, na kwa sababu ya makala na mashamba, miti mingi iliyo karibu na barabara kuu ni machipukizi. Yanakua haraka miaka ya mwanzo kwa kutumia mizizi ya zamani, nayo yana umri mdogo. Shina lenye kitako kilichovimba, au mashina mawili yanayotoka mahali pamoja, likupe tahadhari.

Dalili: huna uhakika kama pete ni za mwaka

Shaka hii ni halali, hasa kwa mti ambao haujawahi kuchunguzwa. Kipimo cha bei ndogo kuliko vyote ni kujeruhi kambiamu kwa makusudi: Alain Mariaux, mtafiti Mfaransa, alieneza njia hiyo barani Afrika katika miaka ya 1960. Toboa gome kwa msumari au fungua dirisha dogo kwa kisu katikati ya kiangazi, andika tarehe, na mwaka unaofuata au miaka miwili baadaye kata hapo uhesabu mipaka iliyowekwa tangu jeraha.

Asiyeweza kusubiri, na mwenye fedha za maabara ya nje, anaweza kutumia kaboni ya mionzi. Majaribio ya mabomu ya nyuklia hewani katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa 1960 yalipandisha kaboni-14 ya angahewa, kilele kikaonekana katikati ya miaka ya 1960, na tangu hapo imekuwa ikishuka. Pete uliyoipa mwaka 1965 lazima ibebe kiwango cha mwaka huo. Kama inabeba cha 1968, hesabu yako imeteleza, na pete tatu au nne zilizochaguliwa vizuri zinatosha kukuonyesha ni wapi.

Kwa mninga, sehemu kubwa ya shaka hii imekwisha kutatuliwa na wengine. Mwaka 1999 David Stahle na wenzake walionyesha kwamba pete za mti huo magharibi mwa Zimbabwe ni za mwaka, na mwaka 2006 Matthew Therrell na wenzake wakajenga upya mvua za Zimbabwe kutoka 1796 hadi 1996 kwa kutumia mti huo huo. Valerie Trouet alifanya kazi ya namna hiyo juu ya Brachystegia nchini Zambia, miti ambayo ni ya jamii moja na ya kwetu.

Dalili: miti inapatana yenyewe kwa yenyewe, lakini haifuati mvua

Angalia kalenda kabla ya kitu kingine chochote. Pete moja ya Lubumbashi huanza Oktoba au Novemba na kumalizika Aprili au Mei, kwa hiyo inakaa katika miaka miwili. Desturi iliyowekwa na Edmund Schulman kwa nusu ya kusini ya dunia ni kuipa pete mwaka ambao ukuaji ulianza: pete iliyoanza Novemba 2004 na kuisha Aprili 2005 ni pete ya 2004. Jedwali la mvua lililojumlishwa Januari hadi Desemba linachanganya mwisho wa msimu mmoja na mwanzo wa mwingine. Lipange upya kutoka Julai hadi Juni, ulinganishe tena, na uangalie pia kama uwiano unapanda ukisogeza mwaka mmoja. Nimeona uwiano uliokuwa sifuri ukaamka kwa marekebisho haya peke yake.

Pili, usilinganishe na jumla ya mwaka mzima tu. Penye milimita 1,200, mti hauna kiu Januari katika miaka mingi. Mvua ikizidi kiasi fulani haiongezi chochote, na mawingu mazito yanaweza hata kupunguza mwanga unaohitajika. Therrell alitumia mvua za Novemba hadi Februari, wala si za mwaka mzima, naye alikuwa katika nchi kavu kuliko yetu. Jaribu mwezi mmoja mmoja, kisha makundi ya miezi, kisha tarehe ya kuanza kwa mvua na idadi ya siku kavu katikati ya msimu. Jaribu pia msimu uliotangulia, kwa kuwa miombo huchanua majani mapya mekundu Septemba na Oktoba, kabla ya mvua kunyesha, kwa kutumia maji na chakula kilichohifadhiwa. Kwa maoni yangu, mti wa Lubumbashi uulizwe zaidi juu ya urefu wa msimu kuliko juu ya milimita. Anayetaka milimita aende akapime sehemu kavu zaidi, kusini.

Tatu, litilie shaka jedwali lenyewe. Baada ya uhuru wa 1960 vituo vingi vya mvua nchini Kongo vilififia, na data za gridi zinazopakuliwa kwenye intaneti, zile zinazokadiria mvua kwa kila mraba wa ramani, hujaza mapengo kwa vituo vya mbali. Data za CRU, kitengo cha utafiti wa tabianchi cha Uingereza, zinazoanza 1901, zinapokosa kituo cha karibu huegemea kwenye wastani wa muda mrefu. Kwa hiyo chora mvua ya eneo lako mwaka kwa mwaka: ukiona miaka kadhaa imelala bapa, karibu na wastani, hapo hapakuwa na kipimo, na usiulaumu mti kwa kutokubaliana na pengo. Data za CHIRPS, zinazochanganya setilaiti na vituo, ni za karibu zaidi na eneo lako lakini zinaanza 1981 tu. Daftari la kituo cha misioni, shamba la zamani au uwanja wa ndege, hata likiwa na kurasa zilizopotea, linaweza kuwa na faida kuliko gridi nzuri.

Nne, usiazime miaka ya ukame ya majirani. Msimu wa 1991–92 ulikuwa mbaya sana kusini mwa Afrika, na wanaofanya kazi Zimbabwe huutumia kama alama ya kuanzia. Lakini El Niño huelekea kukausha kusini mwa bara na kuongeza mvua Afrika Mashariki, na Haut-Katanga iko katika eneo la mpito kati ya tabia hizo mbili. Pete yako ya 1991 inaweza kuwa ya kawaida kabisa bila mtu yeyote kuwa amekosea.

Baada ya hayo, na kama upana wa pete bado hausemi kitu, kuna njia ya oksijeni. Kiasi cha oksijeni-18, yaani aina nzito ya oksijeni, katika selulosi ya pete hufuata ule wa maji ya mvua, na katika nchi za joto mvua nyingi huelekea kuwa na oksijeni-18 kidogo. Mti ambao upana wa pete zake unaendeshwa na kivuli cha jirani bado unaweza kubeba ishara hiyo. Inahitaji maabara yenye spektrometa, kwa hiyo ni njia ya ushirikiano wa vyuo zaidi kuliko ya mtu mmoja.

Dalili: uwiano ni mzuri nusu ya kwanza, unaharibika nusu ya pili

Gawa miaka yenye mvua iliyopimwa katika sehemu mbili. Jenga mlinganyo wa kukadiria mvua kutokana na pete kwa sehemu moja, uujaribu kwa nyingine, kisha ugeuze. Ukivunjika, angalia namna ulivyoondoa athari ya umri. Mti mchanga huweka pete nene na mti mzee nyembamba, na mstari unaoutumia kuondoa mwelekeo huo ukiwa unanyumbulika mno utafuta pia ukame wa miaka kumi. Ukiwa mgumu mno utaacha umri wa mti ujifanye mabadiliko ya tabianchi.

Angalia pia idadi ya miti. Kipimo cha EPS, ambacho huonyesha ni kwa kiasi gani sampuli zako zinawakilisha ishara ya pamoja, kwa desturi kinatakiwa kifike 0.85, na kwa kuwa miti mizee ni michache kinashuka kadiri unavyorudi nyuma. Kata mfululizo pale kinapoanguka, hata kama inaumiza kupoteza miaka 40 ya mwanzo.

Ikiwa mlinganyo umepita lakini ukame mkubwa unaonekana mdogo kuliko ulivyopimwa, hilo si kosa la mbao. Mlinganyo wa namna hii huvuta kila kitu kuelekea wastani. Hata kazi ya Zimbabwe ilieleza chini kidogo ya nusu ya mabadiliko ya mvua. Andika upana wa shaka pamoja na mchoro, na usitangaze mwaka mmoja kuwa wa ukame kuliko yote kwa tofauti ya milimita chache.

Sampuli zinazokwama njiani

Miti ya Pterocarpus ya Afrika, pamoja na mukula uliokuwa ukisombwa kwa malori kutoka Katanga, imo katika Kiambatisho cha II cha CITES, mkataba wa biashara ya kimataifa ya mimea na wanyama walio hatarini, kwa hiyo hata kisahani kidogo cha mninga kinachokwenda maabara ya nje kinahitaji kibali. Omba kibali kabla ya kukata. Pasua kila kisahani vipande viwili, kimoja kisafiri na kingine kibaki Lubumbashi, na vyote viwili viwe na namba ya mti, tarehe ya kuangushwa, urefu kutoka ardhini na upande wa kaskazini, kwa penseli au kwa kuchonga, maana wino wa kalamu hufutika pamoja na vumbi la msasa.